Mradi Wenu Umefanya Nini?

Kijana, hebu tuanze na swali. Kikundi chenu kimepata fedha kidogo kutoka kwa wahisani. Mmevaa fulana, mmecheza igizo sokoni Tengeru, mmegawa vipeperushi 2,000. Mwisho wa mwaka mfadhili anauliza: kuna nini kimebadilika? Mnajibu, "Tumegawa vipeperushi 2,000." Sawa, lakini hilo siyo jibu la swali lake. Mmemwambia mlichofanya nyinyi, hamjamwambia watu wamepata nini.

Hapo ndipo penye kazi ya ufuatiliaji na tathmini. Ufuatiliaji ni kuangalia mradi ukiwa unaendelea, ili mkiona mambo yanakwenda mrama mrekebishe mapema. Tathmini ni kuuliza, baada ya muda, kama lengo limefikiwa na kama ni mradi wenu uliolifikisha. Wengi wanasema haya ni makaratasi ya kumridhisha mfadhili. Na kweli, yakifanywa kwa ajili ya mfadhili tu, yanabaki makaratasi.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Wewe wa Ngarenanyuki au Usa River unajua meno ya kahawia. Yanatokana na madini ya floraidi, ambayo maji huyaokota kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hayana rangi wala harufu, na kuchemsha maji hakuyaondoi. Kituo cha Ngurdoto kimefanya utafiti wa kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Sasa fikiria mnagawa vichujio 100 vya mkaa huo. Mtapimaje mafanikio? Ukihesabu vichujio vilivyogawiwa, umepata 100 na umefurahi bure. Mkaa ule huchoka. Baada ya muda hauchuji tena, na mama wa watu anaendelea kuchota akidhani yuko salama. Kwa hiyo lazima mrudi kupima maji yanayotoka kwenye kichujio, siyo kukitazama kichujio. Wengine watasema, tuangalie meno ya wanafunzi wa sekondari. Hapana! Meno huharibika yakiwa bado yanajengeka ndani ya fizi, utotoni. Mwenye miaka 16 hatapata meno meupe hata akinywa maji safi kuanzia leo, na mradi mzuri utaonekana umeshindwa. Kipimo kibaya kinaweza kuua mradi mzuri. Cha mwaka wa kwanza ni maji. Meno ni ya watoto wadogo, na lazima usubiri miaka.

Huku kwetu kuna mfano mwingine wa kujivunia. Mwaka 1992 watafiti walijaribu somo la UKIMWI lililoitwa Ngao katika shule za msingi za Arusha na Kilimanjaro, darasa la sita na la saba. Walichukua shule 18. Kwa bahati nasibu, 6 zilipewa somo na 12 zikawa za kulinganisha. Wanafunzi waliulizwa maswali kabla ya somo, na 814 walipatikana tena mwaka mmoja baadaye. Waliosoma Ngao walikuwa na maarifa zaidi, na hawakuwanyanyapaa sana wenye UKIMWI. Kuhusu kuanza ngono mwaka ule, asilimia 7 ya waliosoma Ngao walisema wameanza, na asilimia 17 katika shule nyingine. Ungetegemea wapige vigelegele, siyo? Hawakupiga. Kitakwimu tofauti ile ingeweza kuwa ya bahati tu, nao wakasema hivyo hivyo.

Bila zile shule 12, nani angejua? Redio nazo zilikuwa zikizungumzia UKIMWI. Pengine vijana wote walikuwa wanabadilika.

Kisha njoo Mwanza. Mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza mwaka 1999 katika jamii 10, na nyingine 10 zikawa za kulinganisha. Walifundisha shuleni, wakaboresha huduma za vijana zahanati. Maarifa yalipanda, na vijana walisema tabia zao ni nzuri zaidi. Lakini watafiti hawakuishia kwenye maneno. Walipima na damu. Hata katika uchunguzi wa mwaka 2007 na 2008 haikuonekana tofauti ya maana katika maambukizi ya VVU. Habari chungu, ila iliwaonyesha watu wengi kwamba darasa peke yake halitoshi, jamii nzima ina mkono wake katika tabia ya kijana.

Basi, kikundi chenu hamna maabara. Daftari mnalo. Kabla ya igizo la kwanza, chagueni maswali matano na muulize vijana 30 wa mtaani kwenu, bila kuandika majina. Ulizeni na 30 wa mtaa ambao hamtafika. Baada ya miezi sita rudieni maswali yale yale, msiyaguse hata neno. Na anayeuliza asiwe yule aliyefundisha, maana watu humpa mwalimu jibu analotaka. Majibu yakiwa mabaya, msiyafiche kwenye ripoti. Kaeni chini ya mti na waliojibu, muwaulize kwa nini.