Abaya Kumi Kutoka Ng'ambo: Hesabu ya Ushuru kwa Mnunuzi wa Isiolo

Tuchukue mfano wa mama muuza nguo mjini Isiolo. Kwenye simu yake ameona abaya nyeusi yenye shanga mikononi, shilingi 2,000. Anaagiza kumi na kulipa 20,000, na nauli ya ndege kando. Baada ya wiki tatu wakala anampigia kutoka Nairobi: mzigo umetua, lakini kuna shilingi 12,220 za serikali kabla haujaachiliwa.

Wengi wakifika hapo hudhani wameingizwa mjini. Katika mfano huu hakuna aliyeibiwa. Kosa ni kwamba hakuna aliyempigia mama huyu hesabu mapema, ilhali ni hesabu inayotosha nyuma ya risiti ya duka.

Inaanza na thamani ya forodha, hapa 20,000. Nguo zilizoshonwa hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 35, yaani 7,000. Kisha inakuja kodi ya ongezeko la thamani, VAT, asilimia 16, na hapa ndipo wengi hukosea: VAT haipigwi juu ya bei peke yake, hupigwa juu ya bei na ushuru kwa pamoja. Asilimia 16 ya 27,000 ni 4,320. Ada ya tamko la uagizaji, IDF, ni asilimia 2.5 ya thamani, sawa na 500. Tozo ya maendeleo ya reli, RDL, ni asilimia 2, sawa na 400. Jumla 12,220. Abaya iliyoonekana ya 2,000 imekuwa ya 3,222 kabla ya nauli ya ndege, malipo ya wakala na gari la kuileta Isiolo.

Laiti mama huyo angeagiza kompyuta ya mkononi ya shilingi 40,000, mambo yangekuwa mengine. Kompyuta hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia sifuri. Angelipa VAT 6,400, IDF 1,000 na RDL 800, basi. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lisiwe "ushuru ni ngapi?" bali "bidhaa hii iko kundi gani?" Viwango vya forodha vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vina makundi manne: sifuri, 10, 25 na 35. Kundi la 35 liliongezwa tarehe 1 Julai 2022, na nguo zikaingizwa humo pamoja na samani na bidhaa za ngozi, kwa nia ya kuwakinga mafundi cherehani na viwanda vya nchi wanachama. Simu za mkononi zina jambo lake: tangu 2022 simu inayoagizwa kutoka nje hubeba pia ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, na huo nao huingia kwenye hesabu ya VAT.

Tozo ya reli inastahili neno zaidi mjini humu. Ilianzishwa mwaka 2013 kugharamia reli mpya ya SGR, ikiwa asilimia 1.5. Imepanda na kushuka tangu hapo, na ilirudi asilimia 2 tarehe 27 Desemba 2024. Reli hiyo inatoka Mombasa kupitia Nairobi hadi Naivasha. Isiolo imo kwenye ramani ya mradi wa reli na barabara wa LAPSSET uliozinduliwa Lamu Machi 2012, na bado inangoja garimoshi. Mnunuzi wa huku analipa sawa na wa Mombasa, na ana haki kamili ya kuuliza njia hiyo itafika lini.

Thamani ya forodha yenyewe haitoki hewani. Jedwali la Nne la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 linaianzisha kwa bei iliyolipwa kweli, likaongeza bima na nauli ya kufikia bandarini. Kwa mzigo wa ndege, sheria hiyo hiyo inasema nauli isiongezwe. Ndiyo maana nauli ya zile abaya haikuonekana kwenye hesabu ya juu. Akikuta imeongezwa, mnunuzi ana pa kuuliza.

Mzigo wa posta huja na kibandiko kidogo kiitwacho CN22, kimejazwa na muuzaji: ni nini, uzito gani, thamani gani. Wapo wauzaji wanaojitolea kuandika dola 5 kwenye kitu cha dola 60, eti kumsaidia mteja. Huo si msaada. Kifungu cha 203 cha sheria hiyo ya forodha kinahesabu tamko la uongo kuwa kosa, na adhabu yake inaweza kufika miaka mitatu jela au faini ya dola 10,000. Neno "zawadi" kwenye kibandiko nalo halifuti ushuru, hata mzigo ukiwa umetoka kwa shangazi aliye Minneapolis. Ule msamaha wa dola 500 uliozua mjadala mkali Novemba 2023 ulihusu mizigo anayokuja nayo abiria mwenyewe. Haukuhusu kifurushi kilichoagizwa kwa simu.

Huko nje pia milango inafungwa. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa VAT kwa vifurushi vya chini ya euro 22 tarehe 1 Julai 2021, na Marekani ikaondoa msamaha wake wa dola 800 Agosti 2025.

Vipo vitu ambavyo hata ukilipa haviingii. Sabuni na krimu zenye zebaki, zinazouzwa sana mtandaoni kwa ahadi ya kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku na Jedwali la Pili la sheria hiyo ya forodha. Zebaki huharibu figo, na krimu hizo zikikamatwa fedha ya mnunuzi imekwenda.

Wafanyabiashara wengi wa Isiolo hupitisha mizigo kwa wakala wa Eastleigh anayekusanya bidhaa za watu wengi na kutoza kwa kilo, "ushuru ndani". Njia hiyo ni rahisi, ila karatasi za forodha hutoka kwa jina la wakala. Mwenye duka aliyesajiliwa kwa VAT hataweza kudai kodi ya mzigo usio na PIN yake. Na bei ya kilo isiyo na karatasi yoyote nyuma yake ni ya kutilia shaka, kwa sababu mzigo ukizuiliwa mnunuzi hana cha kuonyesha.

Wapo pia matapeli wasio na mzigo wowote. Mchumba wa mtandaoni anasema ametuma saa ya dhahabu, kisha "ofisa wa forodha" anapiga simu akitaka elfu kumi na tano kwenye namba yake ya M-Pesa. Ushuru halisi huja na namba ya usajili wa malipo, PRN, iliyotolewa na mfumo wa Mamlaka ya Ushuru, KRA. Haulipwi kwenye namba ya mtu binafsi.

Mzigo halali ukifika, muda unahesabiwa. Tamko linatakiwa ndani ya siku 21, na ukikaa bila tamko unaweza kupelekwa ghala la forodha, ambako kodi ya ghala huongezeka kila siku. Asiyekubaliana na thamani au kundi la bidhaa humwandikia Kamishna ndani ya siku 30 tangu uamuzi utolewe, na Kamishna naye ana siku 30 za kujibu. Jibu lisiporidhisha, lipo Baraza la Rufaa za Kodi. Barua iende na risiti ya muuzaji, uthibitisho wa malipo ya benki au kadi, na picha ya ukurasa wa bidhaa ikionyesha bei ya siku ile. Picha hiyo ipigwe siku ya kuagiza, kwa kuwa bei za mtandaoni hubadilika usiku mmoja.