Sindano Ikishatumika, Humdunga Nani?

Mgonjwa huiogopa sindano kabla haijamwingia mwilini. Ikishachomolewa na pamba kuwekwa, hofu humtoka, naye hushika njia kuelekea dirisha la dawa. Lakini kwa wengine hatari ya sindano hiyo ndiyo kwanza inaanza. Ina ncha kali bado, na sasa ina damu ya mtu. Je, msomaji, umewahi kujiuliza inakwenda wapi, na njiani inaweza kumdunga nani?

Wa kwanza aliye hatarini ni yule aliyekudunga. Wauguzi wengi huumia wanapojaribu kuirudishia sindano kifuniko chake. Kitendo hiki huonekana kuwa cha uangalifu, kumbe ndicho kinachovileta vidole karibu na ncha. Utaratibu ulio salama ni kuitumbukiza sindano pamoja na bomba lake, papo hapo, bila kuifunika wala kuipinda, ndani ya kisanduku kigumu kisichotoboka. Kisanduku hicho chapasa kuwa karibu na mahali pa kudungia, nacho hufungwa kikijaa robo tatu. Kinachofurika ni mtego kwa mkono wa anayefuata.

Wa pili ni mfanyakazi wa usafi. Yeye hakushika sindano wala hakumwona mgonjwa, lakini ndiye anayekunja mashuka, kupiga deki na kubeba mifuko ya taka. Sindano iliyosahaulika kitandani au kutupwa katika mfuko wa karatasi na maganda ya ndizi humpata yeye.

Wa tatu yuko mbali na hospitali kabisa. Ni yule anayechakura jaa akitafuta plastiki na vyuma vya kuuza, au mtoto anayeokota bomba la sindano na kuligeuza kuwa mchezo wa kurushia maji.

Magonjwa yanayobebwa

Watu wakisikia habari ya kudungwa, wazo la kwanza ni Ukimwi. Lakini kuna virusi vinavyoambukiza kwa wepesi zaidi kwa njia hii. Kati ya watu 1,000 wanaodungwa kwa sindano yenye damu ya mtu aliye na virusi vya Ukimwi, wapatao 3 huambukizwa wasipopata dawa za kinga. Kwa homa ya ini aina ya C, ni takriban 20 kati ya 1,000. Kwa homa ya ini aina ya B, mtu asiyechanjwa anaweza kuambukizwa kwa kiwango kinachofika 300 kati ya 1,000. Isitoshe, virusi vya aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi. Damu iliyokaukia kwenye sindano si damu iliyokwisha nguvu.

Aina ya B ina chanjo nzuri. Hapa Kenya iliingizwa katika chanjo za kawaida za watoto wachanga mwaka 2001. Maana yake ni kwamba watu wengi waliozaliwa kabla ya mwaka huo hawakuipata utotoni. Kwa mtu mzima hutolewa mara tatu, kwa kawaida katika muda wa miezi 6. Haifai chanjo hii iwe ya daktari na muuguzi pekee, huku anayebeba taka akisahauliwa.

Ukidungwa, fanya hivi

Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usilifinye, usilinyonye kwa mdomo, wala usitie dawa ya kung'arishia nguo. Toa taarifa kwa msimamizi nayo iandikwe. Kisha nenda upimwe bila kungoja. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hufaa zaidi zikianzwa katika saa za mwanzo, na hazipasi kuchelewa kupita saa 72. Humezwa kwa siku 28 bila kukatiza. Kwa homa ya ini aina ya B, asiyechanjwa huweza kuanza chanjo hapo hapo. Aina ya C haina chanjo, lakini siku hizi ina tiba ya vidonge inayowaponya wengi mno, mradi ugonjwa ugunduliwe. Anayenyamaza kwa aibu au kwa kuogopa kufutwa kazi hujinyima nafasi hiyo.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga vinavyofaa, na panapokuwa na wafanyakazi 20 au zaidi iundwe kamati ya usalama. Hospitali ni mahali pa kazi kama kiwanda.

Moto si jibu la kila kitu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 85 ya taka za hospitali ni taka za kawaida kama za nyumbani. Ni asilimia 15 tu iliyo ya hatari. Zikichanganywa, zote huwa za hatari. Ndiyo sababu kuna rangi: nyeusi kwa taka za kawaida, manjano kwa zenye maambukizi, nyekundu kwa zilizo hatari zaidi kama viungo vilivyokatwa.

Kuziwasha taka shimoni nyuma ya zahanati hakutoshi. Plastiki huungua na kutoa moshi wenye sumu, nazo sindano za chuma hubaki majivuni zikiwa na ncha ile ile. Tanuri linalofaa hufikia joto la nyuzi 850 au zaidi. Njia nyingine, isiyo na moshi huo, ni kuua vijidudu kwa mvuke wa joto kali.

Wewe wafanya nini?

Unapodungwa, angalia kama sindano imetolewa katika pakiti mpya, na kama imeingia kisandukuni mara tu baada ya kutumika. Kuuliza kwa adabu si utovu wa heshima. Ukimlaza mgonjwa wodini, usitupe mabaki ya chakula katika chombo cha manjano. Mwenye kisukari anayejidunga nyumbani asitupe sindano ovyo pipani. Azitie katika chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, aiandike, kisha aulize kliniki yake kama itaipokea.

Mwishowe, ukimwona anayezoa taka za hospitali kwa mikono mitupu na kandambili miguuni, usipite kimya. Mwambie msimamizi. Huenda sindano iliyo ndani ya mfuko ule ndiyo iliyokutibu wewe jana.