Urefu wa Mlima si Urefu wa Antena

Bulongwa ipo milimani, katika Wilaya ya Makete, Mkoa wa Njombe. Mtu asimamaye huko na kutazama mabonde chini yake huweza kudhani kwamba mahali palipoinuka namna hiyo panatosha kufikisha mawimbi ya redio mbali. Kwa matangazo ya FM, ambayo urefu wa wimbi lake ni mita 3 hivi, dhana hiyo ni sahihi, kwani mawimbi hayo husafiri takriban kwa mstari ulionyooka. Kwa masafa ya chini, dhana hiyo hupotosha.

Tuchukue mfano wa redio ya ridhaa, yaani mawasiliano yafanywayo na watu binafsi kwa kujifunza na kujiburudisha. Nchini Tanzania leseni zake hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na alama za wito huanza na 5H. Kila mwaka, mwishoni mwa Januari na mwishoni mwa Februari, hufanyika mashindano ya dunia katika bendi ya mita 160. Mshindani hujaribu kuwasiliana na vituo vingi iwezekanavyo, na kila nchi mpya humwongezea alama.

Ili kupata urefu wa wimbi kwa mita, gawanya 300 kwa masafa yaliyopimwa kwa megahezi. Kwa megahezi 1.83 jibu ni mita 164 hivi. Antena ya wima iliyo kamili huhitaji robo ya urefu huo, yaani mita 41. Tuseme kituo cha Bulongwa kina mlingoti wa mita 12 tu. Je, mlima utaufidia upungufu huo? La. Antena hupimwa kwa urefu wa wimbi, na mita 12 hubaki mita 12 bondeni na kileleni.

Uwezo wa antena kugeuza mkondo wa umeme kuwa mawimbi huelezwa kwa ukinzani wa mnururisho. Kwa mlingoti mfupi, gawanya kimo chake kwa urefu wa wimbi, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha zidisha kwa 395. Kwa mlingoti wetu jibu ni omu 2 hivi. Lakini mkondo huohuo hurudi kwa kupitia udongo, na udongo una ukinzani wake. Tukiuchukulia kuwa omu 18, jumla ni omu 20. Kwa hiyo kati ya wati 100 zinazoingia katika antena, wati 10 tu hurushwa angani. Wati 90 hupasha joto ardhi.

Wengi hapo hukimbilia kununua mtambo wenye nguvu zaidi. Dawa nafuu imo ardhini. Nyaya nyingi zikitandazwa kutoka shina la mlingoti kama miali ya jua, mkondo hupata njia bora ya kurudi. Hasara ikishuka hadi omu 6, wati 25 hurushwa. Ili kupata hizo bila kutandaza nyaya, ingebidi mtambo uwe wa wati 250. Dawa ya pili ni kufunga nyaya za mlalo kileleni mwa mlingoti. Hizo husaidia mkondo usififie kuelekea juu, na zikiwa ndefu za kutosha ukinzani wa mnururisho huweza kukaribia mara nne, yaani omu 8. Dawa zote mbili zikiunganishwa, wati 57 hurushwa.

Waya wa mlalo ulio chini pia una kazi yake. Katika bendi ya mita 80, waya uliotundikwa mita 10 juu ya ardhi hurusha sehemu kubwa ya mawimbi karibu wima. Ionosfea huweza kuyarudisha Njombe na Makambako, yakiruka juu ya milima iliyo katikati. Waya huohuo ni dhaifu kwa safari ya Ulaya, ambayo hutaka mawimbi yaondokayo karibu na upeo wa macho.

Wakati nao una amri yake. Mchana tabaka la chini la ionosfea humeza mawimbi ya masafa haya. Usiku tabaka hilo hufifia, na njia ndefu hufunguka pale giza linapotanda pande zote mbili. Hata hivyo Januari na Februari ni miezi ya mvua Makete, na radi hujaza kipokezi mikwaruzo. Kwa sababu hiyo washindani wengi hutumia antena nyingine kwa kusikiliza. Radi ikikaribia, mashindano na yaachwe: antena itenganishwe na mtambo na kuunganishwa na ardhi kabla dhoruba haijafika, wala mtu asiiguse tena hadi ipite.

Maswali

1. Tafuta robo ya urefu wa wimbi kwa megahezi 3.5.

2. Mlingoti wa mita 12 ukitumiwa katika masafa hayo, na hasara ya ardhi ikiwa omu 18, wati ngapi kati ya 100 zitarushwa?

3. Eleza kwa nini kuongeza kimo cha mlingoti mara mbili huongeza ukinzani wa mnururisho mara nne.