Kumlisha Mtoto kwa Mpira: Mzigo ni Upi?



Katika utume wetu wa Jumamosi, sisi mafrateri tuliulizwa swali na mama mwenye mtoto wa miaka minane aliye na mtindio wa ubongo. Daktari ameshauri mtoto awekewe mpira wa kulishia. Majirani wanasema aliyefikia hapo aachwe tu mikononi mwa Mungu. "Nikikataa mpira, nitakuwa na dhambi?"

Tuanze na hali yenyewe. Kwa mtoto huyu, ubongo hauongozi vema misuli ya mdomo na koo. Uji mwingine unapita njia ya hewa na kuingia mapafuni, ndiyo maana nimonia inamrudia. Mlo mmoja unaweza kuchukua saa nzima, na bado anakonda. Mpira hupitishwa puani hadi tumboni. Kwa mahitaji ya muda mrefu, hufanyika upasuaji wa kutoboa tundu dogo tumboni. Hautibu ubongo. Unafikisha chakula, basi.

Tarehe 20 Machi 2004, Papa Yohane Paulo II, akizungumzia wagonjwa waliopoteza utambuzi kwa muda mrefu, alifundisha kwamba kuwapa maji na chakula, hata kwa njia ya kitabibu, kimsingi ni matunzo ya kawaida, na ni wajibu maadamu yanatimiza lengo lake la kulisha na kupunguza mateso. Mtoto wetu anaijua sauti ya mama yake. Kama wajibu upo kwa wale, kwa huyu tutaukwepaje?

Hata hivyo Kanisa linakubali kwamba tiba inaweza kuwa mzigo kupita kiasi (Katekisimu, 2278). Hapa falsafa inatudai tutofautishe. Kinachopimwa ni njia, si mtoto. Mpira unaomtapisha kila mlo, kidonda kisichopona, tumbo lisilopokea tena chakula, hiyo ni mizigo ya njia. Kwamba hatatembea, hatasoma, atabebwa maisha yake yote, huo si mzigo wa mpira. Anayekataa mpira kwa sababu hiyo ameshauhukumu uhai wa mtoto, hata akisema kwa sauti ya huruma. Tunahofu majirani wale walikuwa upande huo.

Kuna na umaskini. Ufafanuzi uliotolewa na Baraza la Kipapa la Mafundisho ya Imani mwaka 2007 ulitaja sehemu za mbali na ufukara mkubwa ambako njia hii haiwezekani, na hakuna anayefungwa na lisilowezekana. Basi mama aliyekosa nauli ya kliniki hana dhambi. Na jumuiya ndogo ndogo iliyokuwa na uwezo wa kuichanga? Michango ya harusi hatukosi.

Mama hatukumjibu kwa neno moja. Tulimwomba arudi kwa daktari na maswali: mtoto ataruhusiwa kuonja kidogo kwa mdomo? Nani atamfundisha kuusafisha mpira, na kuhakikisha uko tumboni kabla ya kila mlo? Tulimwahidi kwenda naye.

Akauliza lingine, ambalo hatukulitegemea: na Komunyo ya Kwanza? Kanuni ya 925 ya Sheria za Kanisa inaruhusu, penye ulazima, Komunyo itolewe kwa umbo la divai peke yake. Daktari akikubali, matone machache ulimini yanatosha. Paroko ameshaandika jina la mtoto.