Lugha ya Makumbusho na Historia ya Kukomeshwa kwa Utumwa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza jinsi Kiswahili kinavyotumika kuhifadhi historia ya kukomeshwa kwa utumwa katika makumbusho na katika maelezo ya waongozaji wa wageni. Mfano wetu mkuu ni Mkunazini, Unguja, ambako Kanisa Kuu la Kianglikana lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Hoja yetu ni kwamba umbo la kitenzi analolichagua mwongozaji humwamulia msikilizaji nani alitenda, nani alitendwa, na lini jambo lenyewe lilikwisha.

2.0 Koma, komesha, komeshwa

Tuangalie sentensi zifuatazo:

(a) Utumwa ulikoma mwaka 1873.
(b) Utumwa ulikomeshwa mwaka 1873.
(c) Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, kwa shinikizo la Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kuzuia wasisafirishwe baharini.

Sentensi (a) haina mtendaji. Utumwa umekufa wenyewe, kama mvua inavyokatika. Katika (b) mtendaji yupo, lakini amefichwa na kauli ya kutendwa. Isitoshe, zote mbili si za kweli. Kilichofungwa mwaka 1873 ni soko. Hali ya utumwa iliondolewa katika sheria za Zanzibar kwa amri ya Sultani Hamoud ya mwaka 1897, na hata hapo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kudai uhuru wake mahakamani. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Ni sentensi ya aina ya (c) tu inayoweza kubeba historia ya namna hii.

3.0 Neno "mtumwa"

Neno hili huchanganuliwa hivi: m-tum-w-a. Mzizi -tum- umeambikwa -w- ya kutendwa. Kwa hiyo mtumwa ni mtu anayetumwa, na palipo na mtumwa pana mtumaji. Mnara wa kumbukumbu uliowekwa Mkunazini mwaka 1998 unaonyesha sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni ndani ya shimo. Aliyewafunga haonekani. Ni kazi ya mwongozaji kumtaja, pamoja na mnunuzi, mwenye shamba la karafuu na mfanyabiashara wa pembe za ndovu.

4.0 Msikilizaji wa bara

Mwanafunzi wa Dutwa, wilayani Bariadi, akisoma tarehe za Unguja pekee atadhani kuwa ndizo za kwao. Sivyo. Tanganyika ilipata sheria ya kufuta utumwa mwaka 1922, chini ya utawala wa Waingereza. Kwa sababu hiyo, shule za huko zinaweza kuanza na chumba kimoja cha kumbukumbu: istilahi za Kisukuma zinazohusu mateka na utumwa, masimulizi ya wazee yaliyorekodiwa, na maelezo ya vitu kwa Kisukuma na Kiswahili. Wanafunzi wenyewe wafundishwe kuwaongoza wageni. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, karibu na Mwanza, yameonyesha kwamba jamii inaweza kutunza urithi wake nyumbani.

5.0 Hitimisho

Jengo likihifadhiwa bila lugha sahihi, kinachobaki ni mawe. Tunapendekeza kwamba idara za Kiswahili zishirikiane na makumbusho kuyapitia maelezo yao, na kila kitenzi kilicho katika kauli ya kutendwa kiulizwe swali moja: na nani?