Somo la Wiki: Funguo za Pikipiki Baada ya Sherehe

Wapendwa, vijana wetu wengi hapa London wanasambaza vyakula kwa pikipiki. Jumamosi tunakutana harusini, Jumapili alfajiri kijana anawasha pikipiki akisema, "Nimeshalala, niko sawa." Je, ni kweli?

Mwili huondoa pombe polepole, takribani yuniti moja kwa saa, na painti moja ya bia huwa na yuniti mbili au zaidi. Kahawa, supu au maji baridi haviharakishi kazi hiyo. Aliyekunywa mpaka usiku wa manane anaweza kuamka bado amezidi kipimo. Tena pikipiki inataka mizani na macho makali, na anayeanguka hana bodi la gari la kumkinga.

Sheria yasemaje? Kipimo hapa ni mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi. Anayekutwa akiendesha huku amezidi hupokonywa leseni kwa angalau miezi 12, na anaweza kufungwa hadi miezi 6 na kutozwa faini isiyo na kikomo. Kukataa kupimwa nako ni kosa. Akiua mtu kwa uzembe akiwa amelewa, anaweza kufungwa maisha. Hukumu huangaliwa pia mtu anapoomba uraia.

Leseni ikienda, kodi ya nyumba na ada za wadogo zake kule nyumbani zinakwenda nayo.

Basi tulindane. Wenye sherehe, tuwaombe funguo wageni wanaokunywa, tuwatandikie godoro au tuwasindikize kwenye basi la usiku. Na asubuhi tusiwaharakishe kurudi barabarani.

Tuzungumze nyumbani: Nani kwetu atathubutu kumwambia ndugu yake, "Leo huendeshi"?