Jengo kama Matini: Fani, Maudhui na Hatima ya Majengo ya Kale ya Chicago

Ikisiri

Makala haya yanachunguza majengo ya kale ya jiji la Chicago, Marekani, kwa kutumia dhana mbili ambazo ni mhimili wa uhakiki wa fasihi ya Kiswahili: fani na maudhui. Yanaeleza jinsi moto, ughali wa ardhi na chuma vilivyozaa mtindo mpya wa ujenzi mwishoni mwa karne ya 19, kisha yanajadili kubomolewa kwa baadhi ya majengo hayo katika karne ya 20. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba jengo, sawa na shairi, haliwezi kutenganishwa umbo na kiini likabaki hai, na kwamba anayeamua jengo lipi lihifadhiwe huamua pia historia ya nani itasomwa.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa matini ni nini, aghalabu atataja riwaya, tamthilia, shairi au ngano. Ni nadra ataje nyumba. Hata hivyo, lugha yenyewe inamsuta. Neno ubeti lina asili ya Kiarabu, bayt, ambalo maana yake ni nyumba na pia mstari wa shairi. Washairi wa kale waliona ulinganifu ambao wasomi wa leo wanaelekea kuusahau: shairi hujengwa, na nyumba husomwa.

Wahakiki wa Kiswahili wamebishana kwa miaka mingi kuhusu uhusiano wa fani na maudhui. Wapo wanaoifananisha fani na kikombe, nayo maudhui na kinywaji kilichomo. Kikombe chaweza kubadilishwa na kinywaji kikabaki kilekile. Wapo wanaosema kuwa viwili hivi ni pande mbili za sarafu moja, na kwamba ukiubandua upande mmoja sarafu yenyewe haipo tena. Mjadala huu una mwangwi wake nje ya fasihi. Katika majengo ya Chicago ulikuwa mjadala wa matofali, chuma, fedha na, mwishowe, uhai wa mtu.

2.0 Muktadha: Moto, Ardhi na Lifti

Matini haielezeki bila muktadha wake. Usiku wa tarehe 8 Oktoba 1871, moto ulizuka kusini-magharibi mwa kitovu cha Chicago na kuendelea hadi tarehe 10. Watu wapatao 300 walifariki, majengo zaidi ya 17,000 yakateketea, na watu wapatao 100,000 wakabaki bila makao. Miongoni mwa majengo machache yaliyosalimika katika eneo lililoungua ni mnara wa maji wa mawe ya chokaa uliojengwa mwaka 1869, ambao hadi leo umesimama katika barabara ya Michigan.

Jiji halikufa, lilijijenga upya kwa kasi ya ajabu. Mwaka 1870 Chicago ilikuwa na wakazi wanaokaribia 300,000. Kufikia mwaka 1890 walikuwa wamezidi milioni moja. Kitovu cha biashara kilikuwa kimebanwa na Ziwa Michigan upande mmoja, mto upande mwingine na reli za garimoshi upande wa kusini. Ardhi ikawa ghali kupindukia. Maadamu jengo halikuweza kutanuka, ilibidi lipande juu.

Kupanda juu kulihitaji mambo mawili. La kwanza lilikuwa lifti salama, ambayo Elisha Otis aliionyesha hadharani jijini New York katika miaka ya 1850. Kabla ya lifti, orofa za juu hazikupendwa, kwa kuwa kila mpangaji alizilipia kwa miguu yake. La pili lilikuwa njia ya kubeba uzito. Ni katika jambo hili la pili ambapo fani ya jengo refu ilizaliwa.

3.0 Monadnock: Jengo Moja, Fani Mbili

Msomaji anayetaka kuelewa mageuzi haya atatosheka na jengo moja liitwalo Monadnock, ambalo bado linatumika. Nusu yake ya kaskazini ilisanifiwa na Daniel Burnham na John Wellborn Root, na kukamilika mwaka 1891. Ina orofa 16, na uzito wake unabebwa na kuta za nje za matofali kwa njia iliyozoeleka tangu zama za kale. Kwa sababu ukuta wa chini lazima uhimili mzigo wote ulio juu yake, kuta hizo zina unene wa karibu mita 1.8 katika orofa ya chini. Root hakuficha jambo hilo. Aliuacha ukuta utanuke polepole chini kama kitako cha mti, bila nakshi yoyote ya kuupamba.

Nusu ya kusini, iliyokamilishwa mwaka 1893 na kampuni ya wasanifu ya Holabird na Roche, inasimama kwa kiunzi cha chuma. Hapa ukuta haubebi jengo. Ni jengo linaloubeba ukuta. Matofali yamekuwa vazi tu lililotundikwa juu ya mifupa ya chuma. Kwa miaka miwili tu, ukuta uliokuwa mtumwa wa uzito ulipata uhuru.

Mbinu ya kiunzi ilikuwa imekwisha kujaribiwa na William Le Baron Jenney katika jengo la bima liitwalo Home Insurance, lililokamilika mwaka 1885 likiwa na orofa 10. Wataalamu wangali wanabishana iwapo hilo ndilo lililostahili kuitwa jumba refu la kwanza duniani, kwa sababu kiunzi chake hakikuubeba mzigo wote. Lisilo na ubishi ni kwamba ukuta ulipoachishwa kazi ya kubeba, dirisha liliweza kupanuka. Jengo la Reliance, lililokamilika mwaka 1895, lina vioo vipana vilivyotenganishwa na vipande vyembamba vya terakota nyeupe, hata linaonekana jepesi kama taa ya kandili.

Mwenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki hatashangaa kuona malighafi ikitawala umbo. Katika nyumba za mawe za Lamu, upana wa chumba uliwekewa mpaka na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Boriti iliweka kanuni. Fundi akaitii na kuigeuza kuwa uzuri, kama malenga anavyotii mizani bila kulemewa nayo.

4.0 Louis Sullivan na Umbo Linalofuata Kazi

Nadharia ya mtindo huu ilitolewa na Louis Sullivan, aliyeshirikiana na mhandisi Dankmar Adler. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1896 kuhusu jumba refu la ofisi, Sullivan alidai kuwa umbo la kila kitu hufuata kazi ya kitu hicho. Jumba refu, kwa maoni yake, lisijifanye hekalu la Wayunani lililorundikwa mara kumi. Sehemu ya chini ialike wapita njia, orofa za katikati zifanane kwa kuwa kazi yake inafanana, na kilele kitangaze kuwa jengo limefika tamati. Huu ni muundo anaoujua kila mwanafunzi wa masimulizi: mwanzo, kati na mwisho.

Kauli ya Sullivan imenukuliwa mno na kueleweka kidogo. Baadhi ya wasanifu waliomfuata waliichukulia kuwa amri ya kufuta nakshi. Ilhali Sullivan mwenyewe alikuwa bingwa wa nakshi. Katika jumba la Auditorium la mwaka 1889, lenye ukumbi wa tamthilia na muziki wa viti zaidi ya 4,000, matao ya dari yamepambwa kwa dhahabu na taa, na matao hayo hayo husaidia kueneza sauti hadi viti vya nyuma kabisa. Pambo linafanya kazi, kazi inapambika. Ni muhali kusema fani inakoma wapi na maudhui yanaanzia wapi.

5.0 Ubomoaji: Fani Iliyonyang'anywa Maudhui

Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Katikati ya karne ya 20 msemo huu ulitimia Chicago. Home Insurance lilikuwa limekwisha kubomolewa mwaka 1931. Mwaka 1961 ukafuata ukumbi wa Garrick, kazi ya Adler na Sullivan ya mwaka 1892, na mahali pake pakajengwa maegesho ya magari. Miongoni mwa waliopinga alikuwa mpiga picha Richard Nickel, ambaye alikuwa amejitwika jukumu la kupiga picha kazi zote za Sullivan. Aliposhindwa kuzuia ubomoaji, aliingia ndani ya magofu na kuokoa vipande vya nakshi kwa mikono yake.

Mwaka 1968 jiji lilipitisha sheria ya kulinda majengo ya kumbukumbu. Hata hivyo, sheria isiyo na utashi ni wino mtupu. Soko la Hisa la Chicago, jengo la Adler na Sullivan la mwaka 1894, lilinyimwa hadhi hiyo na baraza la jiji, na ubomoaji ukaanza mwaka 1971. Tarehe 13 Aprili 1972, Nickel aliingia humo peke yake ili kuokoa vipande vya mwisho. Sehemu ya jengo ikamporomokea. Mwili wake ulipatikana takriban wiki nne baadaye.

Leo ukumbi wa biashara wa Soko hilo umejengwa upya ndani ya jumba la sanaa la Art Institute, na tao la lango lake limesimama nje, pembeni mwa jumba hilo. Ni tao zuri. Lakini ni lango lisiloingiza mtu popote. Anayeshikilia nadharia ya kikombe na kinywaji angesema kikombe kimeokolewa. Anayeshikilia nadharia ya sarafu ataona ubeti mmoja uliochopolewa kutoka katika utenzi: maneno yapo, shairi halipo.

Chicago haikuwa peke yake. Kubomolewa kwa kituo cha reli cha Pennsylvania jijini New York, kulikoanza mwaka 1963, kuliwachochea wakazi hadi jiji likapata sheria ya hifadhi mwaka 1965. Sheria hiyo ndiyo iliyokinusuru kituo cha Grand Central, na Mahakama ya Juu ya Marekani iliiunga mkono mwaka 1978. Sheria ya taifa zima ilipitishwa mwaka 1966, ingawa kuorodheshwa kitaifa pekee hakumzuii mmiliki binafsi kubomoa kwa fedha zake. Ulinzi wenye meno hutoka kwa jiji lenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wamarekani walijifunza kwamba kuna kuta zisizojengeka tena.

6.0 Ni Historia ya Nani?

Hadi hapa majengo yaliyotajwa ni ya wafanyabiashara. Swali linazuka: je, jengo la wanyonge nalo ni matini inayostahili kuhifadhiwa?

Jengo la makazi la Mecca lilijengwa upande wa kusini wa Chicago mwaka 1892, likiwa na nyua mbili za ndani zilizoezekwa vioo. Mwanzoni wapangaji wake walikuwa Wazungu. Wakati wa uhamaji mkuu wa watu weusi kutoka majimbo ya kusini, likawa makao ya mamia ya familia za Wamarekani weusi. Taasisi ya Teknolojia ya Illinois ililinunua ili ipanue chuo, na licha ya upinzani wa muda mrefu wa wakazi, lilibomolewa mwaka 1952. Mahali hapo pakajengwa Crown Hall, jumba la chuma na kioo la Ludwig Mies van der Rohe lililokamilika mwaka 1956.

Kinaya hapa ni kikali. Crown Hall sasa ni kumbukumbu ya taifa, na kwa haki, kwani ni miongoni mwa kazi bora za karne yake. Lakini uzuri wake umesimama juu ya makao ya watu waliohamishwa. Mecca halikuokolewa na sheria wala jumba la makumbusho. Liliokolewa na fasihi. Gwendolyn Brooks, Mmarekani mweusi wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Pulitzer, mwaka 1950, aliwahi kufanya kazi katika jengo hilo ujanani. Mwaka 1968 alichapisha diwani iitwayo In the Mecca, ambayo utenzi wake mkuu unamfuata mama anayemtafuta bintiye aliyepotea mlango hadi mlango. Kila mlango ukigongwa, maisha ya mpangaji hujitokeza. Jengo lililogeuzwa vifusi likawa matini kwa maana halisi ya neno. Mwaka 2018 wafanyakazi waliochimba karibu na Crown Hall walikuta vigae vya sakafu ya Mecca vingali ardhini, kana kwamba ardhi nayo ilikuwa imekataa kusahau.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba fani ya majengo ya Chicago haikuwa pambo lililoongezwa juu ya maudhui, bali jibu kwa moto, bei ya ardhi na uzito wa matofali. Yameonyesha pia kuwa kuhifadhi sura ya jengo huku kiini chake kikiangamizwa ni sawa na kuhifadhi vina na kutupa maana. Yapo majengo yaliyopata hatima njema: Reliance lilikarabatiwa na mwaka 1999 likafunguliwa kama hoteli, na Monadnock lingali na ofisi na maduka. Yameishi kwa sababu yameendelea kusomwa na wanaoingia na kutoka.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, funzo ni la pande mbili. Kwanza, istilahi za uhakiki alizo nazo zina nguvu ya kueleza zaidi ya vitabu, na maneno kama kiunzi, boriti, tao, nakshi na kitako yanatosha kuuzungumzia usanifu bila kuazima kila kitu. Pili, uhakiki una dhima. Nickel alipiga picha, Brooks akaandika. Mmoja aliokoa umbo, mwingine akaokoa sauti za waliokaa ndani. Jengo linalobomolewa likiwa halijapigwa picha wala kuandikwa hufa mara mbili, na mara ya pili hakuna fundi awezaye kulisimamisha.